Historia ya Daftari la Kutunzana, na Tulikotoka Sisi Akina Mama wa Kagera

Tumefika miaka 10 tukiwa wazima na sanduku letu likiwa bado na kufuli zake 3. Katibu ameniomba niandike historia. Historia ya hisa, mikopo na faida ameiandika mweka hazina kwenye kurasa zake, na yeye ndiye anayezijua hesabu zile, mimi sitazirudia. Nimechagua kuandika habari za kile kitabu kingine, chenye jalada gumu jeusi, kinacholala chini kabisa ya sanduku. Ndicho tunachokiita Daftari la Kutunzana.

Nimekichagua kwa sababu mwaka huu yapo maneno kikundini. Wapo wanaosema kitabu kile kinatupotezea muda, tukiache, na mfuko wa jamii uchanganywe na hela za mikopo. Wapo vijana wanaosema kiingizwe kwenye simu. Na wapo wageni walioomba wapewe nakala yake, majina na yote. Kabla hatujakata neno ni vizuri kila mwanachama ajue kwamba jambo hili la kuandika watu ili watunzwe hatukulianzisha sisi. Limeanza hapa Kagera zamani, na limetupa mazuri na machungu.

Kila duka la mjini lina maandishi ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wote tunayajua, na ndiyo maana hakuna mwanachama anayekubali kutoa hisa bila kugongewa muhuri. Lakini watu nao hupotea bila habari, tena mbele ya macho yetu, na hakuna anayegonga muhuri.

WAKATI WA JULIANA

Wenye umri kama wangu tunakumbuka. Nilikuwa bado shule ya msingi. Vita ya Amin ya mwaka 1978 hadi 1979 ilikuwa imekwisha, magendo ya mpakani yamepamba moto, na kilikuwepo kitambaa kilichopendwa sana kilichoitwa Juliana. Basi ulipokuja ugonjwa wa kukondesha watu, vijana wa biashara ndio wakawa wa kwanza kuanguka, na ugonjwa ukapewa jina la kitambaa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, huku kwetu, na hao ndio wa kwanza kuandikwa katika Tanzania nzima. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umekwisha kutoa taarifa ya wagonjwa wake.

Miaka ile ilikuwa ya minong'ono. Waliosema ni uchawi walisema, waliosema ni laana walisema. Mtu akitoka Kagera akifika mikoa mingine anaangaliwa kama jeneza linalotembea. Ilikuwa inasemwa kwamba Wahaya wamekwisha.

Mwaka 1987 walipita madaktari wa utafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Sweden. Walipima damu za watu wazima wa miaka 15 hadi 54 katika mkoa wetu, kaya kwa kaya, siyo wale waliokwenda hospitali peke yao. Majibu yao yalikuwa mazito. Bukoba mjini, watu 24.2 katika kila 100 walikuwa na virusi. Lakini hapo hapo yalionyesha jambo ambalo mnong'ono haukuwahi kulisema: Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10.0, Karagwe 4.5, na Ngara na Biharamulo haikufika hata asilimia 1. Kumbe Kagera haikuwa moja. Mji ulikuwa unaungua, na kwingine moto ulikuwa haujafika, na palikuwa bado na nafasi ya kuuzuia.

Walirudi kupima tena. Bukoba mjini mwaka 1993 ikaonekana asilimia 18.3, na mwaka 1996 asilimia 13.3. Haya ni ya wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika kwetu, maana serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Sehemu ya kupungua kule ni vifo, tusidanganyane, wale tuliowazika hawakuwepo tena kupimwa. Lakini hata wasichana wadogo waliokuwa wanaanza maisha walionekana kuambukizwa kidogo kuliko dada zao. Watu walikuwa wamebadilika. Mimi nasema, bila hesabu ile ya 1987 tungeendelea kuambiwa tumekwisha, na mtu aliyeambiwa amekwisha hajitunzi.

WALE WA MASWALI

Baada ya wapimaji wa damu walikuja watu wa maswali. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Benki ya Dunia waliendesha uchunguzi mkubwa wa kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa wetu. Walitaka kujua: mtu mzima akifa, nini kinatokea kwa wale wanaobaki? Wanakula nini, shamba linalimwa na nani, watoto wanaendelea na shule au wanaachishwa? Waliingia nyumba moja hata mara nne, kila baada ya miezi sita au saba hivi. Maswali yenyewe yalikuwa marefu, ndizi inapikwa inaiva wao bado wanauliza. Umekula nini wiki hii, umenunua chumvi ya shilingi ngapi, mbuzi wako wangapi. Watoto wakapimwa urefu na uzito.

Wengi walinung'unika. Umeulizwa nusu siku, na wanaondoka hujapewa hata sabuni. Nasema hivi kwa sababu manung'uniko yale yapo hadi leo, na yana haki yake.

Lakini sikilizeni kilichotokea. Mwaka 2004 walirudi, sasa kazi ikiendeshwa na ofisi iliyokuwa hapa hapa Bukoba, na hawakutafuta nyumba tu. Walitafuta watu. Mtoto aliyepimwa mwaka 1991 akiwa amebebwa mgongoni, kama amehamia Mwanza walimfuata Mwanza, kama yuko Dar es Salaam walimfuata, hata Uganda walikwenda. Zaidi ya kaya 9 katika kila 10 zile za mwanzo walizipata tena. Mwaka 2010 wakarudia. Wanaosoma mambo haya wanasema ni sehemu chache sana za Afrika ambako watu wa kawaida wamefuatwa kwa muda mrefu namna hii.

Faida yake ni nini? Binti wa mwanachama mwenzetu, ambaye kazi yake ni takwimu, alikaa nasi siku moja baada ya kikao akatueleza taarifa moja iliyotoka mwaka 2006. Walichukua watoto ambao mara ya kwanza walikuwa na wazazi wote wawili. Miaka ikapita, baadhi wakafiwa, wengine hawakufiwa. Wakawalinganisha wakiwa wamekua. Mtoto aliyefiwa na mama yake alipungukiwa sentimita 2 za urefu na mwaka mmoja mzima wa shule, na vitu hivyo havikurudi tena. Sentimita 2 ni upana wa kidole gumba. Tulipoambiwa hivyo ukumbi ukanyamaza, maana wapo kati yetu waliokuwa watoto wale. Mmoja akasema, "Kumbe mimi si mfupi wa kuzaliwa." Tulicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kurudi. Ukimhesabu mtu mara moja umempiga picha. Ukimrudia ndipo unajua kilichompata. Daktari anayekuona leo tu anajua unaumwa, anayekuona kila mwezi anajua unapona au unazama.

Mwaka 2000 ulifanyika uchunguzi mwingine mdogo ambao mimi ndio naupenda kuliko yote. Ulikuwa katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba vijijini. Kijiji kilikuwa na kaya 119, na zote ziliulizwa, hakuna iliyorukwa. Kati ya mambo waliyoulizwa lilikuwepo hili: ukipata shida ni nani unayemtegemea, na ni nani anayekutegemea wewe? Kila mtu akataja majina. Wataalamu wakachora nani anamshika mkono nani, ikawa kama wavu wa samaki. Wasomi wa nchi za mbali mpaka leo wanauchambua wavu ule wa Nyakatoke vyuoni kwao, na mimi nacheka nikifikiria profesa ambaye hajawahi kuonja ndizi zetu anajua nani alimwazima nani chumvi.

Uchunguzi ule ulikuta watu wanategemeana kwa undugu, kwa ukoo, kwa kukaa jirani, kwa dini, na kwa mali. Hilo la mwisho ndilo la kuangalia. Maskini alikuwa na watu wachache wa kumshika mkono kuliko mwenye nacho. Sisi tunapenda kusema kijijini hakuna mtu anayekosa msaada, kijiji ni ndugu. Nyakatoke ilionyesha kwamba anayehitaji ndugu wengi ndiye mwenye wachache.

Vilevile uliangaliwa utaratibu wa vikundi vya kuzikana. Taarifa ya mwaka 2006 ilivilinganisha na vile vya Ethiopia wanavyoviita iddir. Ilionekana kwamba vikundi hivi, vya kwao na vya kwetu, havikuwa vya mdomo tu: vina sheria zilizoandikwa, orodha ya wanachama, na kiwango cha kutoa kinachojulikana. Kwa hiyo mama zetu na shangazi zetu, ambao wengine walisoma shule ya jioni ya watu wazima tu, walikuwa na madaftari kabla yetu. Yalikuwa madaftari ya kuzika. Sisi tuliongeza la kutunza aliye hai.

SHILINGI 6,000 ZA NSHAMBA

UKIMWI ulitukatia katikati. Ukachukua wazazi, ukaacha bibi na wajukuu. Bibi wa miaka 70 anarudi kuchota maji na kupalilia kibanja kama mke mpya, na nyuma yake wanamfuata wanne wanaotaka daftari za shule.

Mwaka 2003 huko Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika linaloitwa Kwa Wazee lilianza kufanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu. Badala ya kuwaletea wazee semina, mbuzi au magunia, liliwapa hela mkononi kila mwezi. Ilikuwa shilingi 6,000 kwa mzee, na nyongeza ya shilingi 3,000 kwa mtoto anayemlea. Walio wengi walikuwa bibi. Watu walicheka. Eti bibi utampa hela, si atanywea rubisi, si ataporwa na vijana?

Wenyewe hawakubishana kwa maneno. Waliita uchunguzi, ukatolewa mwaka 2008. Ulilinganisha wazee waliokuwa wanapata pensheni ile na wenzao wa hali ile ile ambao walikuwa hawajaanza kuzoea kuipata. Ukauliza wamekula nini, wanalala vipi, wanaomba mara ngapi kwa jirani, watoto wana nini cha kwendea shule. Walioipata walikula vizuri zaidi, walipungukiwa na wasiwasi, na wajukuu walikuwa na mahitaji ya shule. Taarifa yenyewe ilipewa jina la vitu walivyonunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Rubisi haimo kwenye jina.

Ninapenda habari ile kwa sababu wazo lilikuwa jipya, lilikuwa dogo, na liliandikwa tangu mwanzo. Kama lisingeandikwa lingebaki hadithi ya Nshamba. Kwa kuwa liliandikwa, watu wa pensheni ya wazee nchini walikuwa na kitu cha kuweka mezani wanapobishana na wakubwa.

Serikali nayo ilifuata njia ya kujaribu kwanza. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio ya kutoa ruzuku kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji vilikuwa 80, ikapigwa kura, 40 vikaanza na 40 vikangoja, ili ionekane tofauti. Unaweza kusema ni ukatili kumwambia mtu ngoja nikulinganishe. Lakini hela hazikuwatosha wote siku moja, na kura ni haki kuliko kujuana. Uchunguzi ukaonyesha kaya zilizopata zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilifuga zaidi, na tena ziliwanunulia watoto viatu. Viatu tena! Ukimpa mama maskini hela, miguu ya mtoto ndiyo inakuwa ya kwanza kukuambia. Baada ya hapo mpango ukapanuliwa nchi nzima, na kufikia mwaka 2015 ulikuwa umefikia kaya zaidi ya milioni 1.

Hapa kwetu mlikuwepo wote kwenye mkutano wa kijiji wa kutaja majina. Mnajua ilivyokuwa. Wanataja wananchi, halafu linakuja dodoso la kuuliza nyumba ina bati au nyasi, halafu majina yanarudi mkutanoni. Utaratibu ni mzuri kwenye karatasi. Lakini aliyefika mkutanoni ndiye aliyetajwa, na mwenye ndugu wa kupaza sauti ndiye aliyesikika. Bibi aliyelala ndani hana wa kumtuma, ni nani alimtaja? Turudi Nyakatoke: maskini ana watu wachache.

Ndiyo maana kwa maoni yangu wenzetu wa Zanzibar walipatia zaidi. Mwaka 2016 walianza pensheni ya kila mzee aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, bila kuuliza ana bati au hana. Hakuna kuchaguana, hakuna kununiana. Kinachotakiwa ni umri tu. Wengine watasema utampaje tajiri. Sawa, lakini matajiri wa miaka 70 mnawajua wangapi?

DAFTARI LENYEWE

Sasa nifike kwetu. Tulipoanza, mfuko wa jamii ulikuwa wa wanachama peke yao: umefiwa, umelazwa, umejifungua, unapewa kiwango chako. Wazo la kutoka nje lilitolewa na mama mmoja ambaye amekwisha kutangulia mbele za haki. Alisema kitongojini kwake kuna wazee ambao si wanachama wala hawawezi kuwa, maana hawana hisa ya kuweka, na kama hatujui ni wangapi hatuwezi kusema mfuko unatosha au hautoshi. Wapo waliopinga, na nawaelewa. Hela ni ya jasho. Mtu amekataa mume asiuze kahawa kwa butura ingali maua, amehangaika na mkopo wetu, halafu unamwambia sehemu iende kwa asiye mwanachama.

Tukakubaliana tuhesabu kwanza, kutoa baadaye. Tulijigawa wawili wawili kwa vitongoji. Mara ya kwanza tuliuliza kila mzee, "Una shida gani?" Kila mmoja alikuwa na shida, hata mwenye ng'ombe. Yule mama akasema swali hilo ni bovu, hata yeye angejibu anazo. Tukakaa tukatengeneza mengine, na hadi leo tunayo matatu: jana nani amekuchotea maji, ukiumwa usiku unamwita nani, na unalala na nani ndani ya nyumba? Hayana aibu ndani yake, na mtu hawezi kuyakuza ili apate. Bibi mmoja kwenye swali la pili alifikiri kidogo akajibu, "Namwita mbwa." Hakuwa anatania.

Ya umri yalitusumbua. Wazee wengi hawana cheti, na kadi nyingine zimeandikwa tarehe ya kubuni, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Tukatumia njia ambayo wale wa maswali walikuwa wanaitumia tangu zamani, ya kuuliza matukio. Vita ya Hitler ilipokwisha ulikuwa unatembea? Siku ya uhuru mwaka 1961 ulikuwa unabebwa, unachunga mbuzi, au umeolewa? Aliyebebwa mgongoni siku ile amekwisha kuvuka miaka 60, na kwa Sera ya Wazee ya mwaka 2003 huyo ni mzee mwenye haki ya kutibiwa bure kama hana uwezo. Kwa karatasi hizo wazee wetu kadhaa walikwenda ofisi ya kijiji wakiwa na cha kusema, na wakaandikwa kwenye orodha ya vitambulisho vya matibabu.

Tunawarudia kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo daftari lilipoanza kutufundisha. Tulidhani atakayehitaji zaidi ni bibi mwenye wajukuu wengi. Siyo. Wajukuu wanachota maji, wanakimbia kuita watu. Aliye hatarini ni mzee ambaye mjukuu wake wa mwisho amemaliza darasa la saba akaenda mjini. Robo mwaka moja anajibu "mjukuu," robo inayofuata anajibu "mwenyewe." Kwenye daftari ni neno moja limebadilika, na neno hilo ndilo sasa tunaloliangalia kabla ya lolote. Tukiliona tunapanga zamu ya maji siku ile ile, hatungoji alazwe.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliwakuta watu wetu wengi kwenye nyumba za matofali mabichi. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha katika mkoa, nyumba kwa maelfu zikabomoka. Kila mtu alikimbilia kwake kwanza, na ndivyo ilivyo. Lakini tangu hapo ukurasa wa mbele wa daftari umeandikwa nani analala peke yake na nani atapita kwake mambo yakiharibika, usiku au mchana. Ukurasa huo unasomwa kwa sauti kila mwanzo wa mwaka.

MANENO YA MWAKA HUU

Nirudi kwenye yale matatu.

Kuhusu kuchanganya mfuko wa jamii na mikopo, mimi nakataa, na nitapiga kura hivyo. Mkopo una mdhamini na una faida, kwa hiyo siku zote utakuwa na wa kuutetea. Zamu ya maji haina faida ya kugawana Desemba. Ukiziweka kwenye kikapu kimoja, kimoja kitakula kingine ndani ya mwaka.

Kuhusu simu, sina ugomvi na vijana. Simu haisahau miezi mitatu imekwisha, na itajumlisha kwa sekunde kile ambacho katibu anakesha nacho. Ila kitabu kisiondoke sandukuni. Simu inaibwa, inaingia maji, na ya leo si ya mwaka kesho. Tena kitabu kina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu watatu. Simu ina namba ya siri ya mtu mmoja.

Kuhusu kutoa nakala, hapa naomba tusikilizane. Miaka michache iliyopita walikuja watu na gari, sitawataja. Wakapiga picha wazee wetu mlangoni, wakaandika majina, magonjwa na idadi ya yatima, wakasema watarudi. Hawakurudi. Bibi mmoja baadaye aliambiwa na ndugu wa mjini kwamba ameona picha yake, na chini yake imeandikwa ugonjwa ambao hata jirani zake walikuwa hawaujui. Robo mwaka iliyofuata milango mitano ilifungwa tulipopiga hodi sisi, tuliowachotea maji. Ilituchukua karibu mwaka mzima kufunguliwa tena.

Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa mwaka 2022. Afisa maendeleo ya jamii alitusomea. Kwa lugha yetu inasema taarifa za mtu zichukuliwe kwa sababu aliyoelezwa, zitumike kwa sababu hiyo, na habari za afya yake zilindwe zaidi ya nyingine. Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Anayetaka kujifunza tumpe hesabu: wangapi wanalala peke yao, wangapi wamebadilika kutoka "mjukuu" kwenda "mwenyewe." Tumpe kwa moyo mweupe, maana wale wa mwaka 1987 na wa 1991 wasingepewa majibu na mama zetu, sisi tusingejua ya sentimita 2. Majina asipewe, mpaka mwenye jina akubali mwenyewe, nyumbani kwake, kwa lugha anayoielewa. Na yeyote atakayepewa hesabu aandike ahadi ya kurudi kutusomea alichokipata. Asiyerudi mara moja, mara ya pili tusimfungulie sanduku.

Wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza wafadhili. Inawezekana. Wale wa Nyakatoke waliuliza kaya zote 119 na hakuna aliyeona jina lake gazetini.

Mkutano wa kukata maneno haya utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe, saa 8 mchana, pale pale chini ya mwembe. Daftari litakuwa mezani, limefungwa, na kila kitongoji kitasomewa ukurasa wake peke yake. Kuna nyumba tatu upande wa bondeni ambazo hazina jibu la robo hii kwa sababu ya mvua na daraja. Wawili wa zamu ya huko wapite njia ya juu kabla ya Alhamisi. Na yeyote anayemjua mzee ambaye hatujamfikia, au ambaye mjukuu wake ameondoka juzi, asingoje mkutano, amwambie katibu leo.